Moto mbele ya darasa: namna ya kuonyesha majaribio ya kemia kwa usalama katika shule za Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu wa kemia hawezi kuukwepa moto. Mada ya vyanzo vya joto na ndimi za moto humtaka awashe, mada ya hewa, mwako na uzimaji wa moto humtaka awashe na kuzima, na wanafunzi wakifika kwenye uchambuzi wa chumvi wanatakiwa wazione rangi za ndimi kwa macho yao wenyewe, kwa kuwa anayezisoma kwenye daftari tu huzisahau kabla ya mtihani wa vitendo. Kwa hiyo mwongozo huu haumwambii mwalimu aache moto. Unamwonyesha namna ya kuutumia bila kumuunguza mtoto wa mtu, na umeandikwa kwa kuwafikiria hasa walimu wa Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya zinazozunguka, ambako baridi, mwinuko, upepo na nguo za shule hubadilisha hatari kwa namna ambayo vitabu vya maabara havielezi.

Endapo msomaji atabaki na jambo moja tu kutoka katika maelezo haya, naomba liwe hili: chupa ya spiriti isiingie katika chumba ambacho moto utawashwa. Si kwamba iwekwe mbali kidogo na meza, wala si kwamba ifunikwe vizuri na kusogezwa pembeni. Ibaki stoo, imefungwa kwa ufunguo.

Kwa nini spiriti ni hatari kuliko inavyoonekana

Spiriti yenyewe haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kila kimiminika cha namna hii kina kiwango cha joto ambacho kikifikiwa, mvuke unaotoka juu yake hutosha kushika moto ukisogezewa njiti. Kwa methanoli kiwango hicho ni nyuzi 11 hivi za Selsiasi, na kwa ethanoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya spiriti tunayonunua madukani, ni kama nyuzi 13. Asubuhi ya mwezi wa saba, mwalimu wa Makete au Njombe anayeona pumzi yake ikitoka kama moshi anaweza kudhani kwamba katika baridi ile spiriti imelala. Anajidanganya kwa sababu mbili. Kwanza, darasa lenye watoto wengi waliobanana na madirisha yaliyofungwa hupata joto upesi. Pili, vipimo hivyo ni vya kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kiasi cha asilimia 82 tu ya ile ya pwani, na hewa inapokandamiza kimiminika kwa nguvu ndogo zaidi, mvuke hufikia uwiano wa kuwaka katika joto la chini zaidi, kwa tofauti ya nyuzi kadhaa. Baridi yetu, kwa hiyo, si kinga.

Jambo la pili linahusu nafasi iliyo wazi ndani ya chupa. Mvuke wa ethanoli huwaka ukiwa kati ya asilimia 3.3 na 19 ya hewa, na ule wa methanoli kati ya asilimia 6 na 36. Chukua chupa iliyofungwa katika joto la nyuzi 20: juu ya ethanoli hewa ina mvuke wa asilimia 6 hivi, na juu ya methanoli asilimia 13 hivi. Namba zote mbili zimeangukia ndani kabisa ya eneo la kuwaka. Watu wengi huiogopa petroli na kuidharau spiriti, hali petroli katika dumu lililofungwa kwa kawaida hujaa mvuke mwingi kupita kiasi, kiasi kwamba ndani ya dumu hewa haitoshi kuuwasha. (Petroli haina nafasi yoyote katika maabara ya shule, naitaja kwa ulinganisho tu.) Chupa ya spiriti iliyobaki nusu ni mchanganyiko ulio tayari, unaosubiri cheche.

Sasa mwalimu ana kisahani kinachowaka mezani, na moto unaanza kufifia. Ananyanyua chupa ili aongeze kidogo. Moto hupanda kwa kufuata mvuke unaozunguka mkondo wa kimiminika, huingia mdomoni mwa chupa, na mvuke ulio ndani hulipuka mara moja. Kwa kuwa mdomo ni mwembamba, nguvu ile haina njia nyingine isipokuwa kuisukuma spiriti yote iliyobaki nje ikiwa inawaka, kama maji yanavyorushwa na bomba, kuelekea upande ambao chupa imeelekezwa, na mwalimu anapomimina, upande huo huwa ni wa wanafunzi.

Haya yametokea. Mwaka 2014 nchini Marekani yalitokea matukio matatu ambayo Bodi ya Usalama wa Kemikali ya nchi hiyo iliyafuatilia: shuleni New York mwezi wa kwanza, katika jumba la makumbusho la Reno mwezi wa tisa ambako watu 13 waliumia, wengi wao wakiwa watoto, na shuleni Denver mwezi huohuo wa tisa, ambako moto uliruka zaidi ya mita 3 na kumpiga mwanafunzi kifuani. Katika yote matatu methanoli ilikuwa imeletwa karibu na moto au joto ikiwa katika chombo kikubwa. Kule Reno mhudumu hata hakumimina kwenye moto unaoonekana. Alimimina kwenye pamba ambayo bado ilikuwa na kaa dogo ndani yake. Mimi mwenyewe, katika shule niliyofundisha miaka ya mwanzo ya kazi yangu, nilimwona mwenzangu akiongeza spiriti kwenye taa aliyoamini imezimika. Ulimi wa moto wa spiriti karibu hauonekani penye mwanga wa jua, na yeye alikuwa amesimama dirishani. Mkono wa sweta la msichana wa mstari wa pili ulishika moto. Alipona, lakini kovu analo mpaka leo.

Kwa hiyo, taa za spiriti zijazwe stoo, siku moja kabla ya kipindi, zikiwa zimepoa, kwa kutumia mrija wa kumiminia, na zipanguswe kwa kitambaa. Zisijazwe kupita theluthi mbili, wala zisiwashwe zikiwa zimebaki chini ya theluthi moja, kwa sababu taa iliyo karibu na kuisha nayo ina mvuke mwingi na hewa tumboni mwake. Mwalimu aingie na taa mbili zilizojazwa, ili moja ikimzingua asishawishike kuongeza. Achukue ya pili na kuendelea. Kuzima ni kwa kifuniko, si kwa kupuliza. Taa iliyozimika yenyewe isiguswe kwa dakika kumi, kisha irudishwe stoo, ijazwe huko. Na tangu vitakasa mikono vilipoenea shuleni, kumekuja hatari nyingine ndogo ambayo walimu hawaifikirii: mikono iliyopakwa kitakasa chenye spiriti iachwe ikauke kabisa kabla ya kugusa kiberiti.

Rangi za ndimi bila spiriti

Onyesho linalopendwa kuliko yote, na ndilo lililounguza watoto wengi, ni lile la kupanga visahani vya spiriti vyenye chumvi mbalimbali na kuviwasha ili ndimi zitoke rangi kama za upinde wa mvua. Jumuiya ya Kemia ya Marekani ilikwisha kuwashauri walimu waache kulifanya juu ya meza za wazi kwa vimiminika vinavyowaka. Nami nawaomba walimu wetu waliache, kwa sababu rangi zilezile hupatikana kwa njia ambayo haihitaji hata tone la spiriti.

Tafuta mwanzi mkavu. Katika vijiji vya Iringa na Njombe mianzi ya ulanzi haikosekani, na mwanzi uliokwisha kukatwa na kukauka hupasuka vizuri kwa kisu kuwa vijiti vyembamba vya urefu wa kiganja na nusu. Vijiti vya mishikaki vya dukani pia vinafaa. Yeyusha kijiko kidogo cha chumvi katika robo glasi ya maji, kila chumvi katika kopo lake lenye jina, na uloweke vijiti usiku kucha. Maji yawe yaliyotoneshwa, na yakikosekana tumia maji safi ya mvua, kwa sababu maji ya bomba au ya kisima huweza kuwa na sodiamu, na njano ya sodiamu hufunika rangi nyingine zote. Kwa sababu hiyohiyo usivishike vijiti kwenye ncha itakayoingia motoni. Jasho la vidole lina chumvi ya kutosha kuharibu onyesho.

Siku ya kipindi, toa kijiti kikiwa bado kimelowa, kiache kichuruzike, kisha ukishike juu ya sehemu yenye joto kali ya ulimi wa buluu. Kichomeo cha Bunsen, yaani kile cha gesi cha maabara, ndicho bora, lakini shule nyingi hutumia kichwa cha jiko kilichofungwa juu ya mtungi mdogo wa gesi, na hicho kinatosha kabisa. Jiko la mafuta ya taa halifai hapa, maana ulimi wake una njano yake mwenyewe. Rangi itaonekana kwa sekunde kadhaa, hadi maji yaishe na mwanzi uanze kuungua wenyewe. Hapo hapo kitumbukize katika ndoo ya maji na uchukue kingine. Chumvi ya mezani hutoa njano, chumvi ya potasiamu hutoa zambarau hafifu inayoonekana vizuri ukitazama kupitia kioo cha buluu cha kobalti, ya kalisi hutoa wekundu wa tofali, na ya shaba hutoa kijani kinachoelekea buluu. Chumvi za kloridi hutoa rangi kali zaidi, ingawa mrututu (salfeti ya shaba) nao utaonyesha kijani. Mrututu utumike ule wa maabara. Dawa za ukungu zenye shaba ambazo wakulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe hunyunyizia mashambani zina vitu vingine ndani yake, na hakuna anayepaswa kuvichoma mbele ya watoto. Chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu. Kama shule inazo, mwalimu pekee ndiye azishike, na kila mtu anawe mikono kabla ya kwenda kula.

Mtungi wa gesi usimame wima, na viungio vyake vipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha. Povu likivimba mahali popote, kipindi kiahirishwe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, hivyo kufungua dirisha la juu peke yake hakuiondoi. Mlango nao uwe wazi.

Chumba, baridi na nguo

Mstari wa kwanza wa wanafunzi uwe angalau mita 3 kutoka mezani, wala pasiwe na mwanafunzi nyuma ya mwalimu au ubavuni mwake. Najua jibu ambalo walimu wengi watanipa: darasa lina wanafunzi 60 au zaidi, na ukitoa mita 3 mbele, waliobaki watatoka mlangoni. Jibu langu ni kuwagawa. Kundi la ishirini liingie, wengine wafanye kazi ya kuandika chini ya mwalimu mwingine, kisha wapokezane. Onyesho la rangi za ndimi huchukua dakika kumi, na kulirudia mara tatu ni nusu saa. Nusu saa hiyo ipatikane, hata kama ni kwa kuomba kipindi cha mwenzako.

Mwanafunzi wa nyanda za juu huvaa sweta, na sweta za shule nyingi zimefumwa kwa nyuzi za viwandani ambazo zikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi, tofauti na pamba, ambayo huungua bila kuyeyuka, au sufi ya kondoo, ambayo huungua polepole zaidi. Miezi ya Juni na Julai watoto huongeza jaketi za nailoni na skafu. Anayemsaidia mwalimu mezani avue jaketi na skafu, akunje mikono ya shati, na msichana aliyejifunga ushungi auchomekee ndani ya nguo bila kuacha ncha inayoning'inia. Si haki kumvua mtoto sweta kwa dakika arobaini katika baridi ya Makete, na ndiyo maana napendelea wanafunzi wabaki viti vyao, mbali, wakiwa wamejifunika, na mwalimu peke yake ndiye akaribie moto, akiwa na koti la pamba na miwani ya usalama. Madirisha yafunguliwe robo saa kabla. Watalalamika baridi, wavumilie.

Madirisha yetu mengi yana nondo, kwa hiyo si njia ya kutokea. Mlango ndio njia pekee, nao usifungwe komeo wala kuzuiwa na dawati, na meza ya onyesho isiwe kati ya wanafunzi na mlango. Chati za ukutani, mapazia na marundo ya madaftari viondolewe karibu na meza.

Wapo wanaohamishia onyesho nje ili kupata nafasi. Ni sawa kwa baadhi ya majaribio, ila upepo usipuuzwe, hasa maeneo kama Makambako ambako hauna saa maalumu. Upepo ukibadilika ghafla, ulimi wa moto humgeukia aliyekuwa salama dakika moja iliyopita.

Kabla ya yote hayo, mwalimu afanye onyesho lote peke yake, na fundi wa maabara akiwa karibu, kwa kiasi kilekile cha vitu na chumba kilekile. Onyesho ambalo hajalifanya mwenyewe asilianzie mbele ya watoto, hata kama aliliona likifanyika vizuri kwenye video.

Majaribio mengine, kwa ufupi

Haidrojeni ipimwe kwa testi tyubu moja iliyojazwa na kupelekwa mbali na chupa inayoitengeneza. Usiwashe kamwe gesi inayotoka kwenye mrija wa chupa yenye zinki na asidi, maana ikiwa bado kuna hewa ndani, chupa yote hupasuka na vioo huruka pamoja na asidi. Utepe wa magnesi usizidi sentimita 3, na wanafunzi waambiwe wasiutazame moja kwa moja. Kipande cha sodiamu kisizidi punje ya mchele, kikaushwe mafuta, na beseni liwekewe kizuizi cha kioo au plastiki ngumu mbele yake. Michanganyiko ya klorati na kitu chochote kinachoungua isifanywe shuleni.

Magnesi na sodiamu zikiwaka hazizimwi kwa maji wala kwa mtungi wa kaboni dioksidi, bali kwa mchanga mkavu. Neno mkavu lina uzito wake Tukuyu na Rungwe yote, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka na ndoo ya mchanga iliyoachwa barazani huwa imelowa. Iwe na kifuniko, ikae ndani, na mchanga ubadilishwe ukinyonya unyevu.

Moto ukiruka

Kisahani au taa ya spiriti inayowaka huzimwa kwa kukifunika kwa kifuniko cha sufuria kilichowekwa tayari pembeni. Mtungi wa kuzimia moto ukielekezwa karibu mno hukisukuma kimiminika kinachowaka kikasambaa mezani. Wanafunzi watoke kwanza. Zimamoto hupigiwa simu namba 114, na namba hiyo iandikwe ukutani, kwa kuwa kichwa kilichoshtuka hakikumbuki.

Mtu akishika moto, asikimbie. Alazwe chini na kubingirishwa, au afunikwe kwa blanketi la sufi au koti zito la pamba. Moto ukizimika, avuliwe nguo iliyoungua isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi, avuliwe bangili na saa kabla mkono haujavimba, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, si mbili wala tano. Maji ya kwetu ni ya baridi, na mtoto atatetemeka. Mwili uliobaki ufunikwe kwa khanga au blanketi huku maji yakiendelea kumwagika kwenye jeraha peke yake. Asipakwe dawa ya meno, asali, yai, mafuta wala majivu. Hivyo vyote hufungia joto au huingiza uchafu, na daktari atalazimika kuvikwangua. Baada ya maji, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi au plastiki safi nyembamba. Jeraha lolote la usoni, mikononi au kwenye maungio, na lolote linalozidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, lipelekwe hospitali hata kama mtoto anasema haumwi. Kuungua kwa kina huua mishipa ya fahamu, na kutoumwa huko si dalili njema.

Mzazi apigiwe simu siku hiyohiyo na mwalimu mwenyewe, aelezwe kilichotokea bila kufichwa kitu.

Kipindi kikiisha salama, vijiti vyote vilivyotumika vibaki ndani ya ndoo ya maji mpaka kesho yake, hata vile vinavyoonekana vimezimika. Valvu ya mtungi wa gesi ifungwe, taa zihesabiwe, na viberiti navyo vihesabiwe. Mwalimu abaki chumbani nusu saa akisahihisha madaftari yake hapohapo, na kabla ya kufunga mlango apapase meza na sakafu iliyo chini yake kwa mgongo wa mkono, atafute mahali palipobaki na joto.